Kurudi Darasani Ukubwani: Mwongozo Kamili kwa Aliyeacha Shule na Bado Ana Ndoto

Kila Januari, wiki za mwanzo, huja watu wa aina moja kwenye mlango wa darasa letu la jioni. Hawaingii moja kwa moja. Husimama nje kwanza, husoma kibao mara mbili, hutazama kulia na kushoto kama mtu asiyetaka kuonwa na jirani, kisha huuliza kwa sauti ya chini: "Samahani mwalimu, hata sisi watu wazima mnatupokea?"

Nafundisha masomo ya jioni Dar es Salaam, mwaka wa kumi na moja sasa. Mimi mwenyewe nilipata sifuri kidato cha nne nilipofanya mara ya kwanza. Nikakaa miaka sita nikibeba mizigo sokoni na kuuza vocha kabla sijarudi kwenye vitabu. Kwa hiyo swali hilo nimelisikia nikiwa ndani ya mlango, na nimeliuliza nikiwa nje.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu huyo aliyesimama nje. Labda uliishia la saba kwa sababu ya ada, au ulipata mimba, au baba alifariki ukageuka wewe ndiye mlezi. Labda ulikaa darasani miaka minne ukatoka na sifuri, na tangu siku hiyo ukijaza fomu yoyote unaruka mstari wa elimu. Ndani yako bado unataka kuwa nesi, mwalimu, fundi umeme mwenye cheti, mwanasheria. Taratibu nitakazoeleza ni za Tanzania, maana ndizo ninazozifanyia kazi kila siku.

Neno langu la kwanza ni hili: usisubiri kujiamini ndipo uanze. Wengi huniambia, "Nikishapata ujasiri nitakuja." Sijawahi kumwona aliyeupata ujasiri nyumbani akiwa amekaa. Niliowaona waliupata siku waliporudishiwa karatasi yao ya kwanza, ina tiki nyekundu sehemu ambayo walidhani wamekosa. Imani huja ikifuata kazi, na inachukua wiki tatu au nne hivi. Wiki hizo za mwanzo utakwenda bila hiyo imani, na inawezekana.

HATUA YA 1: JUA ULIPOISHIA

Watu wengi hawajui mlango wao ni upi, wanadhani kurudi shule ni kuvaa sare na kukaa na watoto. Milango iko kadhaa.

Kama uliishia darasa la saba, au uliingia sekondari ukaacha kabla ya kufaulu mtihani wa kidato cha pili, njia yako inaanzia kwenye mtihani wa maarifa, ambao sisi wote tunauita QT. Huendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Kwenye vituo vingi utasoma mwaka mmoja ukipitia mambo ya kidato cha kwanza na cha pili, ufanye QT mwezi wa Novemba. Mwaka unaofuata unapitia cha tatu na cha nne, Novemba yake unafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Miaka miwili. Ukiwa na miaka 35 leo, ukisoma utakuwa na 37 na cheti. Usiposoma, 37 itafika vilevile.

Kama ulifaulu kidato cha pili ukaachia cha tatu au cha nne, huna haja ya QT. Unasajiliwa moja kwa moja kufanya mtihani wa kidato cha nne. Na kama ulishaufanya ukapata sifuri au daraja la nne, unarudia. Hulazimiki kurudia masomo yote, na hapa ndipo wengi hupoteza nguvu bure, nitalirudia hili.

Mabinti walioacha shule kwa ujauzito wana njia nyingine pia. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu warudi kwenye shule za kawaida baada ya kujifungua. Kama bado una umri wa kukaa darasani mchana na kuna mtu wa kukushikia mtoto, nenda na mzazi au mlezi kwa mkuu wa shule ukazungumze. Kama haiwezekani, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ina vituo mikoani, na mabinti wengi wamepitia huko.

Chukua daftari uandike: niliishia hapa, mlango wangu ni huu, unanichukua mwaka mmoja au miwili.

HATUA YA 2: ISHUSHE NDOTO IWE ORODHA YA MASOMO

"Nataka kuwa nesi" inatia moyo, lakini huwezi kuisoma saa kumi na moja alfajiri. Unachoweza kusoma ni Baiolojia, sura ya mmeng'enyo wa chakula. Kwa hiyo kabla hujanunua hata kalamu, tafuta sifa za kuingilia za kile unachokitaka.

Tuchukue huo unesi, maana ndiyo ndoto ninayoisikia kuliko nyingine zote. Vyuo vya afya vya kati viko chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na mwongozo wake wa udahili hutoka kila mwaka na kuwekwa wazi mtandaoni. Kwa stashahada ya uuguzi na ukunga unatakiwa ufaulu masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ufaulu maana yake ni kuanzia D. Na D ya kidato cha nne inaanzia alama 30 kati ya 100. C inaanzia 45, B 65, A 75.

Nikimwonyesha mtu namba hizo hunyamaza kidogo. Amekaa miaka kumi akiamini Fizikia ni ukuta unaofika mawinguni, kumbe mlango wa chuo uko kwenye alama 30. Simwambii alenge 30. Alenge 60, akiteleza atadondokea mahali pazuri. Na ushindani wa nafasi ni mkubwa, mwenye C nyingi ataitwa kabla ya mwenye D. Lakini jua urefu halisi wa ukuta kabla hujaukimbia.

Ukitaka kwenda kidato cha tano na sita ujue unahitaji angalau C tatu. Ukitaka ufundi, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina kozi ambazo hazisubiri cheti kikubwa. Ukitaka shahada huku unafanya kazi, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya mtu kama wewe hasa. Na anayepitia stashahada anaweza kuendelea mpaka shahada. Njia ni ndefu kidogo, lakini ina mishahara katikati.

Kwa anayerudia, hapa ndipo faida ilipo. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na D ya Baiolojia, D ya Kiswahili na D ya Jiografia tangu zamani. Alikuja anataka kurudia masomo tisa. Tukakaa, tukafungua mwongozo, tukaona kinachomzuia ni Kemia na Fizikia tu. Mwaka mzima akasoma mawili. Jumlisha ulichonacho kwanza, ndipo utafute kilichopungua.

HATUA YA 3: WAAMBIE WA NYUMBANI

Hii nimeiweka kabla ya usajili kwa makusudi. Wengi ninaowapoteza huacha mwezi wa tatu au wa nne, na sababu wanazonipa ni za nyumbani kuliko za ugumu wa masomo.

Usiseme tu, "Nataka kusoma." Mtu akisikia hivyo anaona mambo yote ya nyumbani yamesimama, hakuna chakula, hakuna hela, hakuna wewe. Sema kwa saa na tarehe. "Baba watoto, nataka kufanya mtihani Novemba. Darasa ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja jioni hadi saa moja na nusu. Siku hizo tatu chakula nitakipika mchana, mkubwa atapasha. Mwisho ni Novemba." Ombi lenye mwisho hukubaliwa upesi. Na kama mwenzako anasita, mwombe mwezi mmoja wa kujaribu. Mara nyingi mwezi ukiisha ni yeye anayeuliza, "Leo huendi?"

Kazini vivyo hivyo. Mwambie bosi mapema kwamba wiki mbili za Novemba utaomba likizo, usije ukaomba Oktoba.

Mtaani watasema. Watasema "mtu mzima hovyo," watasema unataka kujionyesha. Hapo mkumbuke mzee Kimani Maruge wa Kenya. Kenya ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, mzee huyu aliyepigana Mau Mau aliona mlango umefunguliwa na yeye. Januari 2004, akiwa na miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza shule ya msingi Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa amevaa kaptula ya shule na soksi ndefu. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe badala ya kusomewa. Mwaka uliofuata alipanda ndege kwenda New York kuzungumza Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimtoa kwake akaishi kwenye hema la wakimbizi wa ndani, na kutoka kwenye hema hilo aliendelea kwenda shule. Alifariki Agosti 2009, bado mwanafunzi.

Na bibi Priscilla Sitienei, wa Kenya pia, aliyekuwa mkunga wa jadi kwa zaidi ya miaka sitini. Aliingia shule ya msingi akiwa karibu na miaka 90, akakaa darasa moja na vitukuu vyake. Baadhi ya watoto waliosoma naye aliwapokea yeye mwenyewe walipozaliwa.

Sisi Tanzania hili si geni kabisa. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na bibi zetu walikaa chini ya miembe kwenye madarasa ya ngumbaru, ubao umeegemezwa kwenye shina. Marehemu bibi yangu alijifunza kuandika jina lake huko akiwa na wajukuu. Alikuwa akipewa fomu ya kuweka dole gumba, anairudisha na kuomba kalamu. Nilikuwa mdogo, lakini sauti yake akiomba ile kalamu bado ninayo.

HATUA YA 4: CHAGUA KITUO, NA UKICHAGUE KWA MACHO

Nilipoamua kurudi mara ya kwanza nililipa fedha kwenye kituo kimoja kilichokuwa na bango kubwa. Nilisoma pale mwaka mzima. Oktoba nilipouliza namba yangu ya mtihani, nikagundua sijasajiliwa. Fedha ilikuwa imeliwa, mwaka ulikuwa umekwenda. Nililia nimekaa kwenye ngazi za jengo lile mbele za watu. Nakusimulia ili usipite nilipopita.

Kabla ya kulipa, nenda saa za vipindi, usiende asubuhi palipo na karani peke yake. Simama dirishani. Mwalimu yupo? Anafundisha au anasoma kitabu kwa sauti wanafunzi wakinakili? Waulize wanafunzi wawili watatu wakitoka nje: mwaka jana waliosajiliwa wangapi, na wanafanyia mtihani wapi? Kisha uliza mwenyewe ofisini: je, nyie ni kituo cha mtihani, au mnafundisha tu na mtihani nitaufanyia kwingine? Vyote viwili ni sawa, ila lazima ujue. Vituo vya watahiniwa wa kujitegemea namba zao huanza na herufi P. Lipa ada ya masomo kwa awamu, udai risiti.

Atakayekuambia "lete hela, cheti utapata," ondoka. Kaa ukikumbuka kwamba Aprili 2017, baada ya uhakiki wa vyeti serikalini, watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakapoteza kazi. Kati yao walikuwamo watu walioshika kazi hizo miaka mingi, wamejenga, wanasomesha. Cheti chako cha daraja la nne ulichokitolea jasho utalala nacho usingizi.

Kama hakuna kituo karibu, au fedha ni ya chumvi tu, unaweza kusoma mwenyewe na kwenda kusajiliwa. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni na kuvisoma ni bure. Tafuta wenzako wawili tu. Peke yako utachoka Mei.

HATUA YA 5: SAJILI JINA LAKO

Dirisha la usajili la NECTA kwa kawaida hufunguliwa Januari na kufungwa mwisho wa Februari. Baada ya hapo huwa kuna muda mfupi wa kujisajili kwa faini. Ada kwa miaka kadhaa imekuwa shilingi 50,000 kwa kidato cha nne na 30,000 kwa QT. Hakikisha kwenye tangazo la mwaka wako. Ukianza kuweka 1,000 kila siku tarehe 25 Novemba, katikati ya Januari ada iko mkononi.

Unakwenda kwanza kwenye kituo utakachofanyia mtihani, unapewa namba rejea. Kwa namba hiyo unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, kisha unajaza taarifa zako kwenye tovuti ya NECTA na kuweka picha. Mwenye kibanda cha stesheneri atakusaidia kwa fedha kidogo, lakini kaa pembeni yake, macho kwenye kioo, usimwachie karatasi ukaondoka.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni la majina. Majina lazima yafanane na ya cheti ulichonacho au matokeo yako ya nyuma. Kama la saba uliitwa Mwanaidi Juma Salum na leo mtaani unajulikana kwa jina la mume, jisajili Mwanaidi Juma Salum. Herufi moja ikipotea, "Mwanaid" badala ya "Mwanaidi," utakuja kuhangaika nayo ukiwa na barua ya chuo mkononi. Soma herufi kwa herufi kabla ya kubonyeza. Kisha chapisha fomu yako, itunze.

Kwa masomo ya sayansi uliza siku hiyohiyo juu ya mtihani wa vitendo: utaufanyia maabara ipi, na nani atakufundisha. Wengi hushtuka Oktoba kwamba kuna kushika bika na bureti, vyombo vya maabara ambavyo hawajawahi kuviona.

Siku utakayoliona jina lako kwenye karatasi ile iliyochapishwa, ikunje vizuri, ukaionyeshe watoto wako.

HATUA YA 6: TAFUTA SAA MOJA NA NUSU

Tangu mwanzo wa Februari hadi mwisho wa Oktoba kuna wiki 39 hivi. Ukisoma saa moja na nusu, siku sita kwa wiki, unapata saa 351. Masomo saba, kila moja saa 50. Saa hamsini za Historia kwa mtu mzima aliyetulia ni nyingi sana. Hesabu hii naiandika ubaoni siku ya kwanza na hairuhusiwi kufutwa hadi kila mtu ainakili.

Saa hizo hazitoki hewani. Mama mmoja mama lishe wa Tandika, aliyekuja kwangu akiwa na miaka 46, alizikuta kwenye maharage. Alikuwa akibandika sufuria saa kumi alfajiri, na maharage yale makubwa hayaivi chini ya saa moja na nusu. Hapo hana la kufanya zaidi ya kuongeza maji na kuchochea mkaa. Akachukua karatasi, akaandika elementi 20 za mwanzo za jedwali la Kemia kwa kalamu ya wino mzito, akaibandika ukutani juu ya jiko kwa plasta ya kidonda. Haidrojeni, heliamu, lithiamu. Mpaka Aprili karatasi ilikuwa imeingia mafuta, pembe moja imeungua, na salfa haisomeki tena kwa masizi. Haikuwa na haja ya kusomeka. Mtoto wake wa darasa la tano alikuwa akimuuliza akiwa anafunga kamba za viatu, "Mama, kumi na saba?" naye anajibu akikoroga, "Klorini. Mbili, nane, saba."

Tafuta maharage yako. Mlinzi wa usiku anayo saa nane hadi saa kumi. Konda ana foleni. Anayesuka nywele anaweza kusikiliza mada aliyojirekodi mwenyewe kwenye simu akisoma kwa sauti, na hiyo ni mbinu nzuri kuliko inavyoonekana.

HATUA YA 7: SOMA KAMA MTU MZIMA

Hisabati huogopwa kuliko simba. Muuza samaki wa soko la Feri aliniambia, "Mwalimu, mimi hesabu hazipandi kabisa." Nikamuuliza leo ndoo alinunua bei gani. Elfu 45. Alitoa mafungu mangapi? Thelathini, kila fungu elfu mbili. Alibakiwa na nini? "Elfu 15," alijibu kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Nikaandika ubaoni: faida 15,000, gawanya kwa mtaji 45,000, zidisha kwa 100. Asilimia 33 na kidogo. Nikamwambia hilo ni swali la mtihani wa kidato cha nne, la faida na hasara, na ameshalifanya tangu asubuhi na ndoo kichwani. Aliutazama ubao kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata alikaa benchi la mbele.

Anza na mada unazoziishi. Asilimia, riba, uwiano, takwimu. Kwenye Baiolojia anza na uzazi na magonjwa, Jiografia anza na mvua na kilimo. Ukishapata alama mbili tatu, nenda kwenye usiyoyajua.

Tatizo la pili ni Kiingereza, kwa kuwa masomo mengi ya sekondari, ukiacha Kiswahili, yanaulizwa kwa lugha hiyo. Usianze na kamusi nzima. Anza na maneno ya kuamrisha yaliyo kwenye maswali: define, outline, explain, differentiate. Watu hukosa si kwa kutojua jibu bali kwa kuorodhesha pale walipoambiwa waeleze. Kisha kwa kila mada jenga orodha ya maneno 20 tu, uyaandike na maana yake kwa Kiswahili. Soma mada kwanza kwa Kiswahili uielewe, halafu irudie kwa Kiingereza.

Pepa za nyuma ziko kwenye tovuti ya NECTA. Fanya kila wiki moja, kwa saa, bila kufungua daftari. Pale pale NECTA huweka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kwa kila somo, kila mwaka. Zinaonyesha swali lipi wengi walikosa, kwa nini, na sampuli za majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Ni bure, na bado wengi hawazijui. Nakuomba uzisome.

Zingatia kitu kimoja: mwanafunzi wa shuleni ana alama za maendeleo ya darasani zinazomsaidia. Mtahiniwa wa kujitegemea hana. Chako chote kiko kwenye karatasi ya siku ile. Ndiyo maana mazoezi ya kuandika kwa kalamu, kwa kasi, yanakuhusu kuliko mtoto wa shule. Mkono ulioacha kuandika miaka kumi huuma baada ya ukurasa wa pili. Uzoeshe.

Na uliza mtaala. Mitaala mipya imeanza kuingia shuleni baada ya sera ya elimu kupitiwa upya mwaka 2023, kwa hiyo kitabu cha kaka yako cha 2012 huenda kisiendane na mtihani wako.

HATUA YA 8: JUNI NA JULAI

Huu ndio msimu wa kuvuka kwa ujasiri, kuliko hata mtihani. Ile hamu ya Januari imekwisha, Novemba bado iko mbali, mtoto ameumwa, biashara imelala. Darasa langu huanza na watu 40, Julai wanabaki 22 au 23.

Usiache, punguza. Ikiwa saa moja na nusu imeshindikana, soma dakika ishirini. Ikiwa dakika ishirini zimeshindikana, fungua daftari usome kichwa cha mada ulale. Anayepunguza hurudi. Aliyeacha kwa wiki mbili hujionea aibu, na aibu hiyo ndiyo humzuia kurudi, si masomo. Kama tayari umekosa wiki tatu, njoo tu. Ingia, kaa, hakuna mwalimu mwenye akili atakayekuuliza ulikuwa wapi mbele za watu.

HATUA YA 9: WIKI YA MTIHANI

Siku moja kabla, nenda ukakione chumba. Jua choo kilipo, jua daladala inachukua muda gani saa kumi na mbili asubuhi. Andaa kitambulisho, fomu ya usajili, kalamu tatu za wino, rula. Simu iache nyumbani kabisa, usiiweke hata kwenye pochi, maana simu ndani ya chumba cha mtihani inaweza kukufutia matokeo yote.

Swali usilolijua liruke. Moyo ukienda mbio, weka kalamu chini, vuta pumzi, andika jina la mada pembeni. Jibu huanza kuja mkono ukianza kutembea.

HATUA YA 10: MATOKEO

Kwa kawaida hutoka Januari. Usiyafungue peke yako usiku. Kaa na mtu. Pointi zikiwa chache ndiyo bora: daraja la kwanza linaishia pointi 17, la pili 21, la tatu 25, la nne 33. Lakini wewe rudi kwenye orodha yako ya hatua ya pili, uangalie somo kwa somo. Yule mama wa Tandika alipata daraja la nne, na ndani yake Kemia C, Baiolojia C, Kiswahili B. Fizikia ilikuwa F.

Alipiga simu saa mbili usiku. Hakusema habari za matokeo kwanza, aliniuliza dirisha la usajili linafungwa lini. Nikamwambia mwisho wa Februari. Akasema kesho atakuja na elfu ishirini, nyingine atamalizia Ijumaa baada ya kulipwa na mafundi wanaojenga karibu na genge lake, na kama nina pepa za Fizikia za miaka mitano nimchapishie, zile za maandishi makubwa, maana macho ya alfajiri hayaoni vizuri kwa taa ya simu.